Fer ya Bule ya Bwana Kesho

Kazi yangu ilikuwa kinywa. Bantu bengine balitumika na mikono: bengine kuchimba shaba, bengine kupikia bazungu, bengine kusukuma mizigo ku gare ya treni. Mi, hapana. Mi nilisimama ku mulango ya magazini, duka ya bintu byote, kando ya njia yenye inatoka mu Cité Albert kwenda mu ville ya bazungu, na nilipiga kelele toka asubui mpaka jua inachoka.

"Kuyeni, bamama! Kuyeni, batata! Bitambaa, masufuria, taa, bilatu!"

Muntu akipita bila kuangaria, nilimufuata na maneno. "We wa kofia! Kofia iko muzuri, lakini bilatu yako inalia, ingia tuinyamazishe!" Bantu banacheka, banaingia. Ku masomo niliachaka mapema. Mon père, padri yetu, alikuwa anatufundisha kunyamaza, na ile somo haikuniingia hata kidogo.

Mwenye magazini alikuwa Mugreki moja, eko na mustache ya rangi ya tumbako. Jina yake ya kweli ilitushinda kusema, basi bote balimuita Bwana Kesho. Unalomba mushahara: kesho. Unalomba chenji: kesho. Taa yenye ulinunua haiwake: kesho. Na hakusema na kasirani, hapana. Anakuwekea mukono ku bega, anakuangaria kama mutoto wake, asema, "Kesho, mon ami, rafiki yangu." We unarudi kwako na furaha, kumbe mukono iko mutupu.

Mwaka ile, cinquante-cinq, ni kusema 1955, wakati ya baridi, Bwana Kesho alileta mashini ya kushona. Akabandika karatasi ku dirisha: kila muntu mwenye atanunua mashini, atapata na fer ya makala, ni kusema pasi, bule. Ile fer ya chuma nzito, unafungula kifuniko, unatia makala ya moto, unafunga na kachuma ya mbele, unapiga nguo.

Mi nilishangaa. Muntu mwenye hatoe chenji, leo anatoa fer? Ku soko, sawa. Ku soko mama wa tomati anakupatia kafungu yako, halafu anaongeza moja pa ju, ile njo matabishi. Na kama ile moja imeoza, unamurudishia, anabadirisha, hata haseme neno, juu ile tomati ya pa ju njo ilikufanya ununue kwake, haukuenda kwa mwenzake. Lakini Bwana Kesho hakukulia mu soko yetu. Nilijiuliza kidogo, halafu niliacha. Kinywa hailipwe juu ya kuuliza.

Sasa, nilikuwa na shida ingine, na jina yake ilikuwa Clotilde.

Clotilde alikuwa mutoto wa mama moja mufiwa, kwabo mu Kenya, ile cité ya Élisabethville, nyumba ya pili nyuma ya kisima. Ndoa yetu ilikuwa imefika karibu. Mujomba wangu Chomba njo alikuwa shibukombe, ni kusema ye njo alibeba maneno kati ya kwetu na kwabo. Na alifanya kazi muzuri, juu mi mwenyewe sikuweza kwenda kusema. Kwetu, bantu ba Kibemba, mukwe haangarie mama ya bibi yake mu macho, haseme naye kinywa kwa kinywa, mpaka desturi yote ikwishe. Ukimuona mu njia, unatoka mu njia. Mu mugini ni kitu rahisi, majani iko mingi. Lakini mu Élisabethville? Siku moja nilimuona Mama Clotilde anakuya mbele yangu, nikaruka nyuma ya gunia ya bunga. Mwenye gunia alifikiri mi mwizi, akanipiga na mwiko. Sikujibu hata neno. Mama Clotilde akapita, na nilisikia kama anaambia mwenzake, "Ule kijana eko na heshima." Kichwa yangu ilivimba, lakini nilifurahi.

Na kama neno inakuwa ya haraka, shibukombe haiko? Unasema na kintu. Unaambia ukuta, unaambia kuku, unaambia sufuria. Mama anasikia kama kwa bahati. Na ile neno inashika, tena inashika kupita neno ya kawaida, juu hakuna mukwe mwenye anaweza kudanganya ukuta mbele ya mama mukwe.

Mi ile nilijua. Nilikulia mu ile. Lakini siku yenye ilikuwa lazima niikumbuke, niliisahau.

Ilikuwa siku ya mushahara ya bantu ba mine ya shaba, njia imejaa. Nikaona kitambaa ya kichwa ya Mama Clotilde inakuya katikati ya bantu. Nikaangaria kuume, kushoto: hakuna gunia, hakuna muti. Nyuma yangu Bwana Kesho eko ku comptoir, meza yake ya kuuzishia, ananitupia jicho, na alishaka kuniambia kama nikiacha mulango mara ingine, kazi imekwisha. Basi nilifanya nini? Niligeukia ukuta. Nikafunga macho, paji ya uso inagusa ukuta, na nikaendelea kupiga kelele ya kazi, tena kwa nguvu juu ya haya:

"Mashini ya kushona! Na fer ya bule! Fer muzuri, fer ya kweli, haiunguze hata robe ya bibi ya ndoa!"

Ile ya robe ya bibi ya ndoa sijue ilitoka wapi. Ilitoka tu. Kinywa yenye imezoea kazi inatumika hata kama mwenyewe eko analala.

Kumbe Mama Clotilde alikuwa anaenda kwa Mureno, magazini ya jirani, kwenye mashini ya namna moja iliuzishwa bei ya chini, bila fer. Aliweka pembeni franga ya mashini tangu bwana yake alikufa. Alisikia mukwe anasema na ukuta. Akasimama. Akageuka. Akaingia kwetu.

Nilipofungula macho, alikuwa anatoka, mutoto wa jirani anamubebea mashini, na ye mwenyewe fer iko ku kichwa yake kama taji. Bwana Kesho akanipiga ku mugongo. "Mukuka, leo umetumika muzuri."

"Basi mushahara ya mwezi yenye ilipita, bwana?"

"Kesho, mon ami."

Mashini, siwezi kuitukana. Ilishona kama maji inapita. Mama Clotilde akashona robe ya ndoa yeye mwenyewe, nyeupe, na bikunjo ku mikono, banamuke ba Kenya yote balikuya kuiangaria. Imebakia kidogo tuoane. Akawasha makala, akatia mu fer, akafunga kachuma, akaanza kupiga robe. Mara ya kwanza, muzuri. Mara ya pili, muzuri. Mara ya tatu kachuma ikaruka, kifuniko ikafunguka yenyewe kama kinywa yangu, na makala yote ikamwangika pa ju ya kifua ya robe.

Mujomba Chomba akanikuta ku mulango ya magazini, na fer chini ya kwapa. Chomba eko muntu ya kucheka, hata ku matanga anachekaka kidogo. Siku ile hakucheka.

"Mutoto wa dada, unajua hii?"

"Iko fer."

"Iko fer. Uliisemea nini?"

"Mujomba, mi ninasemea bintu byote. Njo kazi. Hata masufuria ninasema haishike moshi."

"Masufuria haina mama mukwe." Akatia fer chini, akafungula kachuma na kidole moja, ikalegea kama jino ya muzee. "Angaria. Hii hata mutoto asingeifungia mayai. Mama Clotilde anasema hivi, na mi ninaibeba vile alinipatia: mukwe wangu aliambia ukuta kama hii fer haiunguze robe ya bibi ya ndoa. Mi nilipita kwa Mureno juu ya neno yake. Robe imeungua. Kama neno ya kwanza yenye mukwe ananipa iko ya kudanganya, ya pili itakuwa namna gani?"

"Lakini sikusema naye! Nilikuwa ninaita bantu!"

"Uligeukia ukuta ao haukugeukia?"

Nikaangaria ukuta.

"Njo ile," asema Chomba. "Utafute kitambaa ya robe ingine, na utafute mwenye makosa. Bila ile ndoa imekufa. Na mi nitalipa mbuzi juu ya kubeba mukwe mubaya, na ile mbuzi sitakusamehe hata ku kaburi." Akarudisha fer chini ya kwapa, akaenda.

Niliingia mu magazini. Bwana Kesho alikuwa anakula mukate na samaki ya kopo.

"Bwana, ile fer ya bule iko mubaya. Inafunguka yenyewe. Imeunguza robe ya ndoa."

"Pole sana." Na kweli uso yake ilisikia huruma, ile njo ubaya yake, alikuwa na huruma ya kweli. "Mashini inashona?"

"Inashona."

"Basi! Mashini njo mulinunua."

"Na fer?"

"Fer mulilipa franga ngapi?"

"Hakuna, bwana. Ilikuwa bule."

"Alors? Kintu ya bule haina réclamation, haina kulalamika. Mi ninakupa ndizi bule, ndizi iko na mududu, utaniitia polisi?"

"Kwa Mureno, mashini kama hii bei iko chini."

"Bien sûr iko chini! Ye hatie fer."

Nikamuangaria. Ye akaniangaria. Mukate ikasimama karibu ya kinywa.

"Kumbe fer tulilipa," nikasema.

Bwana Kesho akatia mukate mu kinywa, akatafuna polepole sana, mustache inapanda na kushuka. Akameza. Akapangusa vidole.

"Kesho, Mukuka."

"Bwana, ndoa haingoje kesho."

"Kesho. Na ukisema ingine, nitaita polisi, utalala mu boloko na ndoa yako."

Asubui yenye ilifuata nilirudi ku mulango. Nifanye nini? Muntu bila kazi haoe, na muntu bila robe haoe. Nilibakia kati, kama mbwa mwenye baliita na miluzi mbili. Bantu balianza kujaa mu njia, na nikaona kile kitambaa ya kichwa inakuya. Fer iko pa ju yake.

Nikageukia ukuta, mbio.

Mama Clotilde hakuingia. Alisimama katikati ya njia, akageuza mugongo yake ku magazini, akatua fer chini mu vumbi mbele yake, na akaanza kusema nayo. Na ile mama eko na sauti. Bwana yake alikuwaka kiziwi juu ya mashini za mine.

"We, fer! Mi sina maneno na muntu. Niko nasema na we tu. Balinisemea nini juu yako?"

Bantu balisimama. Mwenye kinga alishuka ku kinga, ile baisikeli yake.

"Balinisemea haiunguze hata robe ya bibi ya ndoa. We fer, ulisikia ile ao hukusikia? Basi uambie ule mwenye alisema: kama ni kweli, aseme tena. Kama si kweli, aseme vile iko. Mi niko hapa, ninaangaria ndege."

Muntu moja akacheka. "Mama, fer haina masikio!"

"Iko na kinywa kubwa kupita yako, tata. Ya kwako inafunguka bule, yake inafunguka na moto."

Bwana Kesho alitoka ku mulango. Anaangaria Mama Clotilde: mugongo. Ananiangaria: mugongo. "Mukuka, ule mama anasema na nani?"

"Na fer, bwana," nikaambia ukuta.

"Na we unasema na nani?"

"Na ukuta, bwana."

"Beko bazimu bote," asema. "Uite bantu! Njo kazi yako. Piga kelele, ufunike sauti yake!"

Sasa ile ilikuwa amri. Bote balisikia ile amri. Nikavuta pumzi mpaka mbavu ikalia, nikaambia ukuta, na ile wimbo yangu ya kila siku, sikubadirisha hata sauti:

"Mashini ya kushona, bamama! Mashini muzuri, inashona kama maji! Na fer ya bule! Fer yenye kachuma yake imelegea! Unatia makala, inatupa makala! Robe ya ndoa, inaunguza! Shimizi ya misa, inaunguza! Ya bule, bamama, na ukiungua hakuna réclamation! Kuyeni bote, iko mingi!"

Kicheko ikaanguka mu njia kama mawe ku bati. Mwenye kinga alikaa chini. Na katikati ya kicheko mama moja akainua kitenge yake, "Angarieni, hata yangu!", tundu ya moto iko ku goti. Mwingine akasema yake iliunguza meza. Bibi na bwana benye balikuwa mu magazini, mukono yabo iko tayari ku mashini, balitoka polepole, bakavuka njia, bakaingia kwa Mureno. Mureno alisimama ku mulango yake anachezesha tumbo na kicheko.

"Nyamaza!" Bwana Kesho akanishika bega.

"Bwana, niko naita bantu. Uliniambia nipige kelele."

"Usiseme ile!"

"Niseme fer iko muzuri? Mama mukwe eko pale, bwana. Kwa ukuta siwezi kudanganya tena."

Hakufahamu hata neno, lakini alifahamu Mureno. Akanivuta ndani, akapanda ku ngazi, akatoa kitambaa moja kubwa kule juu, kwenye bintu byenye habiuzike, akaipiga ku comptoir, vumbi ikaruka. Kitambaa ya rangi ya majani mabichi, na ndege nyekundu. Ilikuwa muzuri, ukweli. Ni kintu moja tu: bantu benye baliichapa ku fabrique balikosa, ndege yote iko miguu juu, kichwa chini.

"Ubebe. Robe iko ndani yake, inatosha. Lakini ufahamu: hii haiko réclamation. Mi sina makosa. Hii iko matabishi. Bule."

"Na kama iko mubaya, bwana?"

"Bule!" akalia. "Na kesho usikuye kazi."

Ile njo ilikuwa kesho moja tu ya Bwana Kesho yenye ilifika.

Mujomba Chomba alipeleka kitambaa kwa Mama Clotilde, mi nilingoja nyuma ya kisima. Akarudi, anacheka sasa.

"Anasema ndege imekufa yote."

"Ndoa je?"

"Ngoja. Anasema ndege imekufa yote, lakini mukwe alisema ukweli mbele ya muzungu wake, na ukweli ilimukulia kazi. Muntu mwenye anakuliwa na neno yake, anaweza kuoa. Atashona."

Akashona. Siku ya ndoa Clotilde alitoka na ile robe ya majani mabichi, ndege zote kichwa chini toka shingo mpaka miguu. Shangazi moja, kinywa kama kisu, akauliza, "We mama, hizi ndege beko banalala?"

Mama Clotilde alishika kidevu yake juu. "Bibi ya ndoa anainama kichwa, ao hainame? Akiinama, anaziona banasimama. Robe iko ya mwenye kuivaa, haiko ya benye wivu."

Shangazi akafikiri. Akainama, akageuza kichwa, akaangaria toka pa ju. "Kweli," asema. Na juma yenye ilifuata banamuke balienda kwa Bwana Kesho kutafuta ile kitambaa ya ndege ya bibi ya ndoa. Alikuwa nayo mingi. Aliiongeza bei. Ku mulango alisimamisha kijana mwingine, Mwape, kinywa ndogo kabisa, anasema tu "Bitambaa, fer ya bule," kama muntu mwenye eko analomba musamaha. Na banamuke balibeba na fer, juu ni bule, nani atakataa?

Basi nilipata bibi, nilikosa kazi. Mwezi ya kwanza tulikula majani ya muhogo, mwezi ya pili tulikula ile ya jirani. Siku moja Chomba akaingia bila kupiga hodi, anavuta mustache juu ya kuficha kicheko.

"Neno toka kwa Mama Clotilde."

"Sema, mujomba."

"Anasema: mukwe wangu hana kazi, mutoto wangu ataona njaa. Mi niko na mashini. Banamuke banataka robe ya ndege, ninakataa bengine juu mu nyumba yangu hamna nafasi ya kukatia. Kwabo iko chumba mbili. Basi anakuongezea matabishi pa ju ya Clotilde."

"Matabishi gani?"

"Ye mwenyewe. Na mashini yake. Beko ku mulango."

Nikaruka, nikageukia ukuta, na hata sikumuona bado. "Mujomba! Mu nyumba moja? Desturi haijaisha bado, na ya kuimaliza sina hata kuku! Nitakula wapi? Nitapita wapi? Murudishe, pole pole, na heshima!"

Chomba akaniwekea mukono ku bega, sawasawa na Bwana Kesho. "Alijua utasema ile. Anauliza: ulimulipia franga ngapi?"

Mashini ikaingia. Nilisikia inatuliwa mu chumba ya mbele, nilisikia na fer inatuliwa, kachuma yake imefungwa sasa na waya yenye Clotilde alifunga. Njo inapiga shimizi zangu mpaka leo, na haijaunguza hata moja.

Tangu siku ile ninaishi mu nyumba yangu kama mwizi. Ninatoka na mulango ya nyuma, ninakula mu cuisine, uso ku ukuta, na ukuta tumeshakuwa barafiki. Mu chumba ya mbele mashini inakimbia, banamuke banaingia na kutoka, chakula iko, siwezi kudanganya. Na mara kwa mara mashini inasimama, na ile sauti ya kuambia kiziwi inapanda:

"We, mashini! Uambie ule muntu makala imekwisha."

Nami ninaambia ukuta, "We, ukuta, umujibu mama: kesho."

Halafu:

"We, mashini! Uambie ule muntu jina ya kesho isiingie mu hii nyumba."

Ninabeba gunia, ninatoka na mulango ya nyuma.